Hela imeliwa au imetumika? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu starehe za familia

Sisi ni watu watano: mimi, mama watoto, binti wa miaka 11, kijana wa miaka 7 na dogo wa miaka 3. Tunaishi Kimara, Dar es Salaam, na humu ndani hakuna mwenye mshahara wa kutisha. Maswali haya tumeulizwa na majirani, mashemeji na wenzetu wa kikoba. Mengine tumeulizana wenyewe saa nne usiku, watoto wakiwa wamelala. Bei ninazotaja ni zile tulizolipa sisi siku tuliyokwenda.

Mnajuaje kama hela imetumika vizuri au imeliwa tu?

Tuna kaunta buku. Lilianza kama daftari la madeni ya duka la mangi, sasa limepanda cheo. Tukitoka mahali, usiku ule ule mama watoto anaandika jumla ya kila kitu, kuanzia nauli ya kwanza hadi karanga za kwenye foleni. Halafu tunanyamaza. Baada ya wiki mbili, tukiwa mezani, tunawauliza watoto: "Ile siku mnakumbuka nini?" Jibu linaandikwa pembeni ya jumla. Mwisho sisi wawili tunajibu swali moja: tungeenda tena?

Hizo wiki mbili tumeziweka makusudi. Ukimuuliza mtoto jioni ile ile atakwambia kila kitu kilikuwa kizuri, maana bado ana ladha ya aiskrimu mdomoni. Zikipita wiki mbili, uongo umeshachuja. Tulipokwenda Bagamoyo tulizunguka magofu ya Kaole, tukapita kwenye misheni ya wamisionari Wakatoliki iliyoanza 1868, tukasimama mbele ya Boma la Wajerumani, nami nikatoa mhadhara. Wiki mbili baadaye binti alikumbuka makaburi yenye nguzo. Kijana alikumbuka mbuzi aliyepanda juu ya ukuta akakataa kushuka. Mhadhara wangu hakuna aliyeutaja. Lakini tungeenda tena, wote tulikubaliana, na mbuzi tumemwandika.

Mbona mnasema kiingilio si gharama?

Kwa sababu tulifundishwa na bwawa moja la kuogelea, jina tuliache. Kiingilio kilikuwa 10,000 kwa mkubwa na 5,000 kwa mtoto, dogo bure. Shilingi 30,000 kwa familia nzima, nikaona poa.

Getini mlinzi akafunua kikapu. "Bosi, chakula cha nje hakiruhusiwi." Ndani ya kikapu mlikuwa na maandazi na hotipoti ya pilau aliyoamka kuipika mama watoto saa kumi na moja alfajiri. Sikuongea. Yeye ndiye aliyeongea, na mlinzi akawa anaangalia viatu vyake, ila amri si yake. Basi watoto wakalishwa maandazi pale pale nje ya geti, wamesimama mstari kama abiria wanaosubiri daladala. Hotipoti ikabaki kwenye kibanda cha mlinzi.

Ilipofika saa nane mchana, maji ya bwawa yalikuwa yameshawafanya wanangu simba. Chipsi kuku sahani moja 15,000, tukachukua tatu. Soda tano kwa 12,500. Maji 3,000. Bajaji kwenda na kurudi 30,000. Kaunta buku linasema 120,500, na kiingilio ni robo tu ya hapo. Baada ya wiki mbili kijana aliulizwa anakumbuka nini. Akajibu, "Yule askari aliyechukua pilau."

Tangu siku hiyo, mahali popote tunapopiga simu kuulizia, swali la kwanza ni kama chakula kinaruhusiwa. La pili ni choo kiko wapi, lakini hilo ni kwa ajili ya dogo.

Coco Beach ni bure. Mbona tunarudi na mfuko mtupu?

Mchanga ni bure. Kilicho juu ya mchanga ndicho kina bei: mihogo ya kukaanga na kachumbari yake, mishikaki, madafu, boya la kukodi, vigari vya betri vya watoto, na mpiga picha anayekupiga kwanza halafu ndiyo anakuuliza. Hakuna kinachozidi elfu chache, na hapo ndipo unapoumia, maana kila "baba, naomba" inaonekana ndogo na wewe hutaki kuonekana bahili mbele ya watu.

Sisi siku hizi tunagawa hela nyumbani, kabla ya viatu kuvaliwa. Binti na kijana kila mmoja noti ya 2,000, na ikiisha imeisha. Mara ya kwanza tulipojaribu, kijana alikwenda kusimama mbele ya vile vigari. Akauliza bei, akaambiwa dakika kumi 2,000. Alibaki pale noti ikiwa imekunjwa kiganjani, akiwatazama wenzake wakizunguka, nadhani robo saa nzima. Mwenye vigari akamwita mara mbili. Yule bwana mdogo akageuka, akaenda kununua muhogo wa 500, akaomba pilipili nyingi, akala wote bila kumgawia mtu. Jioni aliniuliza kama ile 1,500 iliyobaki ni yake kweli au nitaichukua tukifika nyumbani.

Kabla ya hapo, vigari hivyo nilikuwa navilipia mimi kila tukienda. Sikuwahi kumwona akifikiria.

Treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, kwenda Morogoro na kurudi siku hiyo hiyo: inalipa?

Hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote tangu abiria walipoanza kusafiri Dar hadi Morogoro Juni 2024, na Dodoma ikafuata wiki chache tu mbele, mwishoni mwa Julai mwaka ule ule. Daraja la kawaida kwenda Morogoro tulilipa 13,000 kwa mkubwa na nusu yake kwa mtoto wa kati ya miaka 4 na 12. Dogo, kwa kuwa hajafika minne, alipakatwa bure. Kwa hiyo 39,000 kwenda na 39,000 kurudi, jumla 78,000. Kwa siku nzima ya watu watano si mbaya hata kidogo, ukiikumbuka ile 120,500 ya bwawani.

Ila jiandae kwa mambo mawili. Stesheni ya Morogoro haiko katikati ya mji, kwa hiyo kuna bajaji ya kukufikisha sokoni au popote unapotaka kula, na ukitaka kusogea milimani Uluguru hesabu inaanza upya. La pili ni mahandaki. Kijana alikuwa ameyaona kwenye simu na kuyasubiri njia nzima. Mahandaki yako mbele, upande wa Kilosa, kwenye kipande cha Morogoro kwenda Dodoma. Tulishuka Morogoro akiwa amenuna, na ilinibidi nimwahidi Dodoma.

Walichokumbuka baada ya wiki mbili kilikuwa ni treni yenyewe: namna magari ya kwenye barabara "yanavyorudi nyuma", meza ya kukunjua, na choo kinachofunguka kwa kubonyeza. Morogoro hakuna aliyeitaja. Kwa watoto wa umri huu, kaeni mjini saa tatu au nne tu, mle, mpunge upepo, mrudi. Siku za sikukuu msiende kukata tiketi asubuhi ya safari, mtarudi Kimara na vyakula vyenu.

Kuona wanyama si ni mambo ya Wazungu?

Bei za Wazungu ni za Wazungu. Raia wa Afrika Mashariki analipa hifadhi za taifa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni, na mtoto wa chini ya miaka 5 halipi. Kinachomaliza ni gari. Kukodi gari la kuingia nalo Mikumi kwa familia moja kulitushinda. Tulipoungana na familia nne za mtaani tukakodi Kosta, kila mmoja akabeba chakula chake, ikawezekana.

Na kuna siri ambayo watu wa Iringa na Mbeya wanayo bila kujua kuwa ni siri. Barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Ukiwa kwenye basi unawaona twiga, pundamilia, swala, na ukiwa na bahati tembo, kwa nauli ile ile ya kwenda kumsalimia shangazi. Waamsheni watoto. Nimeona basi zima limelala, mapazia yamevutwa, tembo watatu wamesimama pembeni ya lami.

Kifurushi kikubwa cha king'amuzi, tulipie au tuache?

Hapa naomba kukiri. Nililipia kifurushi cha juu karibu mwaka mzima kwa hoja kwamba ni "cha familia". Mama watoto hakubishana. Alichukua kaunta buku akaanza kuchora kistari kila mtu alipoangalia chaneli ambayo haimo kwenye kifurushi cha chini. Mwezi ulipoisha kulikuwa na vistari sita. Vitano vilikuwa vyangu, vyote mpira wa Ulaya, na kimoja ni cha binti aliyekalia rimoti.

Mechi moja ilikuwa inanigharimu zaidi ya ambavyo ningelipa mwezi mzima kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira kwa kiingilio, tena kule kuna kelele na ubishi ambao nyumbani haupo. Tukashusha kifurushi. Ligi Kuu tunaiona kwa Azam kwa kuwa ndio wenye haki za matangazo, mkataba wao wa 2021 ni wa miaka kumi. Ulaya nakwenda kibandani, mtu mzima, na noti yangu ya elfu moja mkononi.

Na kama hoja ni mtoto apende mpira, mpelekeni Uwanja wa Mkapa kwenye mechi ya kawaida, msianze na Simba na Yanga. Uwanja una viti 60,000 na siku kama hizo unajichagulia. Tiketi ya mzunguko, yaani viti vya kawaida, ni hela ya chipsi. Nilikwenda na kijana, hakuelewa nani kafunga, lakini nyimbo za mashabiki zilikaa naye mwezi mzima, nyingine si za kuimba mbele ya mwalimu.

Bethidei ya mwaka mmoja?

Ile ni sherehe ya wazazi. Iite hivyo, ufanye bila kinyongo, na usimsingizie mtoto. Sisi kwa binti tulifanya kubwa: maputo, keki ya ghorofa, mpiga picha, sare. Mhusika mkuu alilala saa kumi na moja jioni, kabla keki haijakatwa. Kwa dogo tulipika pilau, tukaita majirani wa ukuta mmoja na mwingine, basi. Bibi yake alituma ujumbe kuuliza kama tumefilisika.

Michango ya harusi iingie kwenye starehe au kwenye madeni?

Tumebishana miaka mingi juu ya hili. Mimi niliiweka kwenye madeni: kamati inakupigia, inakukumbusha, inakutumia orodha yenye jina lako na sifuri mbele yake watu wote waione. Mama watoto anasema ni starehe iliyolipiwa kabla, maana unavaa, unakula, unacheza, unakutana na watu ambao vinginevyo ungewaona msibani tu. Nikifungua daftari naona ana hoja. Kadi ya watu wawili ya 100,000 ukumbini, chakula na vinywaji ndani, ukilinganisha na sisi wawili kutoka usiku na kununua kila kitu, haiko mbali sana.

Tatizo ni kwamba haziji moja moja. Harusi inavuta kicheni pati, kicheni pati inavuta sendofu, halafu kuna kipaimara cha mtoto wa bosi. Tulichofanya ni kutenga fungu la mwaka mzima Januari na kuliweka kikoba. Likiisha Septemba, anayekuja Oktoba anapewa nguvu kazi: mimi naendesha gari la maharusi, mama watoto anaingia jikoni. Hakuna aliyekasirika, ila mmoja, na huyo alikuwa hachangii wenzake.

Wa damu hawahesabiwi kwenye fungu. Ndugu ni ndugu, utakopa kwa jirani ukachange.

Desemba kwenda Moshi kila mwaka, si ni kujiumiza?

Ni kujiumiza. Kilomita 560 hivi, tiketi za watu watano katika wiki ambayo nchi nzima inataka kukaa kiti kimoja. Sukari, mchele wa Mbeya, vitenge, khanga, shati la babu, mchango wa mbuzi. Halafu ukishafika unagundua kila anayekusalimia ana mkono ulio wazi kidogo. Watani wetu wanasema Wachaga tunakwenda kuhesabiwa. Kuhesabiwa kwenyewe ni kwa noti.

Na Januari inakusubiri pale Kimara, imekaa barazani na ada ya shule na sare na madaftari.

Kwa jumla, kwenye kaunta buku hakuna mstari mkubwa kuliko huu. Ila ukisoma pembeni yake, hakuna mstari uliojazwa kama huu. Baada ya wiki mbili watoto walitaja vitu hadi mama yao akageuza ukurasa: kukamua ng'ombe na kupigwa teke, baridi ya asubuhi, mtori wa bibi, mfereji wa maji unaopita migombani, binamu anayejua kupanda mti wa parachichi, babu akigombana na redio. Hakuna hata mmoja aliyetaja mbuzi, wala vitenge, wala vitu tulivyobeba.

Ndipo tulipoacha Desemba ya kila mwaka. Mwaka mmoja tunakwenda Krismasi na kuhesabiwa na ukoo, mwaka unaofuata tunakwenda likizo ya Juni. Juni tiketi haina vita na ndugu wa mjini hawapo, kwa hiyo hakuna mashindano ya nani kaja na nini. Bibi alipinga. Alisema watu watauliza. Tulipofika Juni ile ya kwanza tulikaa siku kumi na mbili badala ya nne, na siku ya tano akaanza kumtuma binti dukani kama mtoto wa pale. Hajauliza tena habari za Desemba, ingawa akina shangazi bado wanauliza.

Mahali gani pa bei ndogo mnapopasifia bila aibu?

Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama, kituo kinaitwa hivyo hivyo Makumbusho. Kipo tangu 1966, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali na watoto wanaingia ndani kabisa. Ulizia siku yenye ngoma. Makumbusho ya Taifa mjini pia ni pazuri, huko wana habari za Zinjanthropus, yule wa Olduvai aliyepatikana 1959. Kijana aliangalia fuvu kwa makini, akauliza mwili umepelekwa wapi.

Pa bei ndogo kuliko pote ni pantoni ya Kigamboni, 200 kwa kichwa. Unapanda, upepo, meli kubwa zinaingia bandarini, unashuka, unakula pweza, unarudi.

Midoli ya Kariakoo?

Ya betri inakufa kabla ya Jumatatu. Mpira na baiskeli ya mtumba bado viko hai.

Tukikopa kidogo kwa ajili ya sikukuu?

Hapana. Mkopo wa simu wa kumalizia nauli, ukiwa na hakika ya mshahara, tumewahi. Kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wenye riba kali, kwa ajili ya starehe hatujawahi, na tumemwona jirani sofa zake zikibebwa mchana kweupe, watoto wake wakiwa wamekaa juu yake.

Baba na mama wasipokubaliana?

Kila mmoja wetu ana fungu dogo lisiloulizwa. Lake linakwenda saluni, langu kibandani. Kabla ya hapo kila msuko ulikuwa na kesi na kila mechi ilikuwa na rufaa. Kiasi ni sawa kwa wote wawili, hata miezi ambayo mmoja hana kipato. Kwa mambo ya wote, anayetaka ndiye anayepiga hesabu yote kwenye karatasi, na nauli ndani yake. Mipango mingi yangu imefia hapo, nikiwa bado nimeshika kalamu.

Kuna kitu mlibana hela mkajuta?

Kimoja. Binti alipokuwa na miaka 8 tuliambiwa kuna mwalimu anafundisha watoto kuogelea Jumamosi, miezi mitatu. Bei ilionekana kubwa, tukasema ataogelea tu akienda na wenzake.

Hivi karibuni mama watoto alijumlisha viingilio vyote vya mabwawa na boya zote za kukodi tangu mwaka ule. Zimepita ada ya yule mwalimu, na bado kuna kurasa hakuzifungua. Na siku zote hizo binti alikuwa amesimama upande wa kina kifupi akishika ukingo, au amekaa kwenye boya, akiwaangalia wengine. Tunaishi mji wa bahari na mtoto wa miaka 11 hajui kuogelea.

Anaanza Jumamosi hii, kwa mwalimu yule yule, bei imepanda. Tuliuliza kama chakula kinaruhusiwa. Kinaruhusiwa.